Malalamiko Husomwa Ijumaa

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo, na paa la kibanda changu limenikumbusha kwamba halijatengenezwa tangu mwaka jana. Nimeweka ndoo. Daftari hili nilipewa kwenye semina moja. Jalada lake lina picha ya mikono inayonawa, na kurasa zote ni tupu kwa kuwa siku ile hakuna aliyesema neno la kuandika. Nitaandika kwa Kiswahili. Kifaransa nakimaliza kazini.

Kwa atakayeliokota: naitwa Virginie, nina miaka hamsini na miwili. Nilikuwa muuguzi wa urgences, huku wanakoletwa wagonjwa wa dharura, kwa miaka kumi na tisa, mpaka mgongo ukakataa kuinua watu. Sasa nakaa kwenye dirisha la mbao mlangoni mwa urgences hiyo hiyo, napokea malalamiko. Mtu analalamika, mimi naandika nambari, saa, na lalamiko lake kwa mstari mmoja. Safu ya mwisho ni ya hatua za kuchukuliwa. Hapo naandika «itafuatiliwa». Kamati inakaa Ijumaa, nasoma yote, tunakunywa chai.

Leo yamekuja manne. 39: mzee amekasirika kwa sababu muuguzi alimwuliza umri wake mbele ya mkwewe. 40: mkeka wa mama anayelinda mgonjwa umeibwa. 41: mama wa Lubunga, binti yake anaumwa tumbo, yuko kwenye benchi tangu saa mbili na dakika ishirini na daktari hajamwona; saa tano na dakika kumi. Nimemwambia arudi akae naye, wataitwa. Nimekula wali na mboga ya pondu. 42: mtu wa kitanda cha tatu anasema kuna watu wanalia kwa sauti kubwa kwenye koridoo na mgonjwa wake hapumziki, saa nane na nusu.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua. Malalamiko mawili. Ndoo imejaa.

Ijumaa, 5 Septemba

Kamati. Nimesoma 39, wakacheka. Nimesoma 40, wakamlaumu mlinzi wa lango. Nilipofika 41, Chancelle aliinamia meza. Chancelle ndiye muuguzi anayepokea wagonjwa urgences, nilimfundisha kazi mwenyewe, na huniita mama.

"Huyo wa 41 alikufa," alisema Docteur Liévin, mkurugenzi wetu. "Jumanne hiyo hiyo, saa nane na dakika ishirini na tano. Mimba ilikaa nje ya mufuko ya uzazi, ikapasuka. Miaka kumi na tisa. Alikuwa étudiante wa chuo."

Chimène, ndilo jina lake. Nikasoma 42, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Katikati ya kusoma ndipo nilipotambua kwamba kile kilio cha koridoni kilikuwa cha kumlilia yeye.

"Bon," alisema mkurugenzi. "Matanga itakuwa kwao Lubunga. Mama Virginie, Jumatatu mutaenda na sukari."

Nieleze. Familia ikilalamika na mgonjwa wake akafa, hospitali inaenda kwenye matanga. Tunapeleka sukari na kahawa. Tunapewa viti, tunatia sahihi kwenye daftari la rambirambi, na mimi nalia. Hunituma mimi kwa sababu machozi yangu hayana tabu. Baada ya hapo familia haiji tena dirishani. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha matanga yako, akanywa kikombe chako, huwezi tena kwenda kumshtaki, utaonekana huna adabu. Mkurugenzi anaandika «imekwisha». Kwa miaka miwili tumefanya kumi na nne hivyo.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumevuka mto tukiwa watatu, mimi, Chancelle na dereva. Kilo kumi za sukari zilikuwa mapajani mwangu, kahawa ilikuwa kwa Chancelle. Lubunga ni tope tupu. Tulipouliza nyumba, watu walituonyesha kwa kidevu.

Hakuna matanga. Hakuna turubai, hakuna viti, hakuna moto wa nje, hakuna hata mtu mmoja uani. Nimefika kwenye misiba ya maskini kabisa, turubai ni mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja, lakini ua mtupu siku sita baada ya kifo sijapata kuona. Jirani mmoja alitoka akatueleza.

"Walizika Alhamisi. Papa Hubert, papa ya mutoto, alisema matanga hapana. Atafungua siku hospitali itamujibu kitu moja."

"Kitu gani?" Chancelle aliuliza.

"Mumuulize yeye. Sisi pia hatufurahi. Mutu anakufa na batu hawakae chini, iko vibaya. Mama Chimène iko ndani. Hasemi na mutu."

Tulibisha hodi. Hakuna aliyejibu, ingawa nilisikia mtu akikohoa ndani. Dereva alitaka tuache sukari mlangoni. Nilimwambia sukari ya mlangoni haifanyi kazi, lazima mtu aipokee. Tumerudi nayo. Mkurugenzi aliitazama ile mifuko kama mtu aliyerudishiwa barua yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Amekuja baba mwenyewe. Ni mfupi, ana mikono mipana yenye utomvu kwenye kucha. Anatengeneza mashua kubwa za mbao zinazoshuka mto hadi Basoko. Alivua kofia kabla ya kufika dirishani.

"Jambo mama."

"Jambo papa. Ni lalamiko?"

"Hapana. Lalamiko iko tayari kwa kitabu yenu, bibi yangu, mama yake, aliileta. Mi niko papa ya Chimène. Ninauliza kitu moja tu. Hospitali ilijua saa ngapi ya kama mutoto yangu hajaonwa na docteur?"

Nilimjibu kama ninavyowajibu wote. "Papa, jibu inatoka kwa kamati. Kamati inakaa Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Kila Ijumaa."

"Bon. Nitarudi Alhamisi. Siku hiyo chombo ya Basoko imeshaondoka, niko na nafasi."

Akavaa kofia akaenda. Jibu lilikuwa kwenye daftari, chini ya kiwiko changu. Ningeligeuza tu angesoma mwenyewe. Nikamwita mama aliyekuwa nyuma yake, ambaye sindano ilikuwa imemvimbisha mkono.

Ijumaa, 12 Septemba

Kamati. Docteur Liévin amesema swali la Papa Hubert si lalamiko, kwa hiyo halina nambari, kwa hiyo hatuwezi kulijadili. Tumekunywa chai bila sukari. Sukari ya matanga imefungiwa kabatini na hakuna anayethubutu kuifungua.

Alhamisi, 18 Septemba

Amekuja. Swali lile lile, jibu lile lile. Mvua.

Jumatatu, 22 Septemba

Chancelle aliniletea mikate miwili saa ya mapumziko, akakaa kwenye kigoda changu cha ziada, akaanza kuongea bila kuulizwa.

"Mama Virginie, mi njo niliandika malaria."

"Najua. Niliona fiche ya mgonjwa."

"Agosti nilimuita Docteur Jephté mara mbili juu ya tumbo, ikawa minyoo. Alinigombeza mbele ya wagonjwa, ati nirudie masomo. Siku ile alikuwa de garde, zamu ilikuwa yake, lakini alikuwa kwa semina, kule salle mupya ya mikutano. Nilitazama macho ya ule mutoto. Ilikuwa nyeupe. Nilijua haiko malaria." Alimega mkate lakini hakuula. "Nikasema nitangoja pause yao ya kahawa, nimuambie hapo bila kumusumbua. Donc nikangoja. Semina ikachelewa, hawakufanya pause."

Siku zote nilimdhani Chancelle mvivu. Kumbe ni mwoga. Na huo woga nilimpa mimi. Wiki yake ya kwanza nilimwambia, usimwite daktari kwa jambo usiloweza kulieleza kwa Kifaransa kizuri. Nilidhani namsaidia.

Sikumwambia hilo. Nilikula mkate wangu.

Alhamisi, 25 Septemba

Amekuja.

Jumanne, 30 Septemba

Mwisho wa mwezi nahamisha malalamiko kutoka kwenye brouillon, lile daftari la dirishani lenye madoa ya mvua na mafuta ya mikate, kwenda kwenye rejista safi ambayo wakaguzi wa jimbo huisoma. Mwandiko wangu ni mzuri. Masista walinipiga vidole mpaka ukawa mzuri. Nikimaliza, brouillon nampa muuza karanga wa langoni, anafungia karanga zake.

Docteur Liévin alikuja akasimama nyuma yangu. Si mtu mbaya, niliandike hilo. Nimemwona akishona tumbo la mtu kwa mwanga wa simu, jasho likimdondoka, na asubuhi akaenda kumjulia hali kabla ya kunywa chai.

"Nambari 41 iko saa ngapi?"

"Saa tano na dakika kumi, docteur."

"Mama aliyefiwa hajuake saa. Ile ilikuwa alasiri. Andika saa tisa."

"Saa tano alikuwa hajafiwa, docteur."

Alivuta kiti, akakaa. "Mama Virginie. Inspection ikisoma ya kama tulijua saa tano na mutoto akakufa saa nane, watafunga urgences. Wakifunga, batu ya Yahuma, batu ya Basoko, wenye wanafanya siku tatu mutoni kwa pirogue na mutu anatoka damu, wataenda kwa nani?"

Hakuwa akinitisha. Aliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa. Niliandika saa tisa, kwa mwandiko mzuri.

Halafu nilingoja nisikie kitu moyoni. Nilifunga dirisha, nikatembea hadi sokoni, nikanunua samaki wa wavuvi Wagenia, nikampasha habari jirani kuhusu mafuriko ya barabara yetu. Sikusikia kitu. Brouillon sikumpa muuza karanga. Iko kwenye mfuko wangu, na sijui nimeiwekea nini.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimempa Papa Hubert barua rasmi. Ina nembo ya hospitali juu, ina sahihi ya mkurugenzi, inasema hospitali ilipokea lalamiko la familia saa tisa alasiri na inaungana nao katika majonzi. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Saa tisa," alisema.

"Ndiyo papa. Njo iko kwa registre."

"Saa tisa mutoto yangu alikuwa kwa morgue. Bibi yangu alikuya kulalamika nini? Ya kama maiti haijaonwa na docteur?"

Hakupandisha sauti. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi waligeuka hata hivyo. Nilitazama wino kwenye vidole vyangu. Akaikunja barua kwa mikunjo ile ile iliyokuwa nayo, akanirudishia.

"Hii iko yenu. Nitarudi Alhamisi."

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Malalamiko matano. Wameniletea ndoo kubwa zaidi badala ya fundi wa paa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo hakuuliza. Alinisalimia, akakaa kwenye benchi lililoko mbele ya dirisha, akaweka kofia gotini. Mvua ilimkuta pale, akasogea tu. Watu wakikaa karibu naye wanaanza kumweleza shida zao, sijui kwa nini, hana sura ya kuwafariji. Nilisikia akimwambia kijana mmoja, "Muambie mama aandike saa. Aandike mbele yako."

Kijana akaja akasema hivyo hivyo. Aliyemfuata pia. Mama wa mwisho alinitaka nigeuze daftari aone kwa macho yake, naye hajui kusoma. Alinionyesha saa ya ukutani iliyoko juu ya kichwa changu, akanionyesha nilichoandika, akaitikia kwa kichwa, akaenda. Nilikasirika. Nimefanya kazi hii miaka miwili na hakuna aliyewahi kunitazama vidole.

Jumanne, 14 Oktoba

Lalamiko la 77. Baba wa watu, mtoto wake anatetemeka mwili mzima na hakuna aliyemgusa. Nilishika kalamu, nikaiweka. Nilikwenda mwenyewe na mgongo wangu huu, nikamkuta Docteur Jephté ofisini, nikamwambia kwa Kiswahili, tena kibaya, "Docteur, kuya." Alinijia juu. Akaja. Mtoto amelala sasa, anapumua vizuri.

Niliporudi dirishani niliandika nambari na saa. Kumbe ni rahisi hivyo. Unainuka, unaenda. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mtu wa dirishani haruhusiwi kuinuka.

Alhamisi, 16 Oktoba

"Dirisha yenu inakwama," alisema Papa Hubert.

"Iko hivyo tangu zamani, papa."

Alitoa randa kwenye mfuko wake wa kazi. Aliling'oa dirisha, akaliranda ukingo wake wa chini pale pale kwenye benchi, maranda yakaanguka juu ya viatu vyake, akalirudisha. Akalifungua na kulifunga kwa kidole kimoja kunionyesha.

"Sasa inafunguka."

Nilisema asante. Ningependa angenitukana. Nimetukanwa sana kwenye dirisha lile na najua la kufanya mtu anaponitukana.

Jumatatu, 20 Oktoba

Malalamiko tisa, yote yana saa. Mkurugenzi ameuliza nani anawafundisha watu. Nimesema sijui.

Alhamisi, 23 Oktoba

Hakuja. Kila aliyevaa kofia langoni nilimdhani yeye. Saa sita bado. Saa tisa bado. Nilijiambia labda amechoka, na kwamba ndivyo tulivyotaka, na sikupata nafuu yoyote.

Baada ya kazi nilisimama dirishani na kuelekea salle mpya, ile walikofanyia semina. Nilihesabu hatua. Unapita mbele ya maabara, unakunja kwenye tangi la maji, unapanda ngazi tatu. Tisini na nne, kwa mwendo wangu wa mtu mwenye mgongo mbovu. Mlango wa salle ni wa kioo. Siku ile ningebisha kwa pete yangu Docteur Jephté angegeuka.

Nakumbuka uso wa yule mama sasa. Karibu miezi miwili sikuukumbuka, niliukumbuka mstari wangu tu. Alikuwa ameshika viatu vya binti yake mkononi, vya wazi, vya rangi ya kijani. Alisema, "Mama, anakuwa baridi." Hilo sikuliandika. Niliandika «anaumwa tumbo», kwa kuwa nafasi ni mstari mmoja. Nikamwambia arudi akae naye, nikafunga daftari, nikaenda kula.

Naona aibu. Nimejaza kurasa zote hizi na mvua, na neno lenyewe lilikuwa hilo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Amekuja, amekonda, macho ya njano. Alikuwa na malaria wiki nzima, ya kweli, alisema, na hakucheka. Kabla hajakaa nilimpitishia karatasi dirishani. Niliiandika nyumbani jana alasiri, mara nne, kwa sababu mara tatu za kwanza mkono uliandika kama rejista. Nimeweka jina langu lote na mhuri wa dirisha. Nilimpa na ule ukurasa wa brouillon wenye nambari 41.

Alisoma kwa kidole. Akarudia mwanzo. Nilitazama kidole kikipita kwenye mstari wangu, kikasimama, kikaendelea.

"Umetia jina yako."

"Ndiyo papa."

"Na mhuri."

"Ndiyo."

Aliviweka ndani ya kofia, akashika kofia kifuani badala ya kuivaa, ingawa mvua ilikuwa imeanza. "Matanga itakuwa Jumamosi, tarehe munane. Kuya."

Hakusema asante, na nilishukuru kwa hilo.

Jumatatu, 3 Novemba

Nilimwambia mkurugenzi mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alivua miwani, akayasugua macho mpaka yakawa mekundu.

"Unajua barua ya suspension itatoka."

"Najua, docteur."

"Juu ya nini, mama Virginie? Umetusaidia matanga kumi na nne."

"Njo maana, docteur."

Barua imetoka mchana. Nimesimamishwa miezi miwili kuanzia Jumatatu ijayo, kwa kutoa hati bila idhini. Chancelle atakaa dirishani. Nilimwonyesha mahali pa ndoo, na nikamwambia lile ambalo sikumwambia siku ile ya mikate: lile neno la Kifaransa kizuri alifute kichwani. Amwite tu daktari. Alinishika mkono, akauachia haraka kwa sababu kulikuwa na watu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilivuka peke yangu, mikono mitupu. Mtumbwini mtu aliniuliza nakwenda kuona nani Lubunga, nikamwambia naenda kwenye matanga.

Ua ule ule mtupu leo ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Turubai mbili, viti vya parokia, sufuria juu ya mawe matatu, wanawake wakitwanga majani ya sombe. Walikuja kama watu waliongojea miezi miwili kuruhusiwa. Picha ya Chimène ilikuwa juu ya meza ndogo, amevaa shati jeupe la chuo, anamtazama aliyepiga picha kama anamwambia fanya haraka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona uso wake. Nilikuwa mita sita kutoka benchi lake asubuhi nzima.

Hospitali ilifika saa nne. Docteur Liévin na suti yake, dereva, Chancelle na ile mifuko ya sukari iliyokaa kabatini tangu Septemba. Walisimama mahali tunaposimama siku zote, mwanzo wa turubai, wakingoja viti. Mimi nilikuwa upande wa pili, pamoja na majirani, nikaona jinsi tunavyoonekana.

Papa Hubert aliwapa mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyeleta kiti.

"Karibuni. Viti iko, mutakaa, mutakunywa," alisema. "Kwanza tusikie." Akatoa karatasi yangu, akapita katikati ya watu mpaka nilipokuwa. "Mwenye aliandika, asome."

Mkurugenzi alinitazama. Nilisimama nikasoma.

Binti aitwaye Chimène alifika urgences saa mbili na dakika ishirini, tarehe 2 Septemba. Mama yake alikuja dirishani kwangu saa tano na dakika kumi, binti akiwa hai, akaniambia daktari hajamwona na kwamba anakuwa baridi. Niliandika kitabuni. Sikumwambia mtu. Daktari alikuwa kwenye semina, hatua tisini na nne kutoka dirishani. Nilienda kula. Binti alikufa saa nane na dakika ishirini na tano. Tarehe 30 Septemba niliandika kwenye rejista saa ya uongo. Mimi, Virginie.

Kinu kilikuwa kimenyamaza. Chancelle alikuwa ameweka sukari chini, kwenye tope, akilia bila sauti. Nilibaki na karatasi mikononi, sikujua kama nikae au niondoke.

Mama Chimène alikuwa kwenye mkeka, katikati ya dada zake. Msiba ulikuwa umembadilisha, sikumtambua mpaka aliposema. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu asiyeitumia.

"Njo saa yenyewe. Niliitazama kwa ukuta yenu, juu ya kichwa yako, nikiwa ninasema na weye."

Niligeuka kwa Papa Hubert. "Papa, mulikuwa munajua."

"Tangu siku ya kwanza. Aliniambia kwa njia, tukienda kwa makaburi."

"Sasa Alhamisi yote ile..."

"Mama atalia mutoto namna gani," alisema, "na batu wenye walimuona akiomba wanasema hawakumuona?" Alisema polepole, kama anavyouliza kila kitu.

Hapo machozi yakanijia. Matanga kumi na nne nimelia kwa kazi, yanatoka machoni na kuishia mashavuni. Haya yalianzia tumboni, yakanipanda kooni, nikasikia mdomo wangu unafunguka wenyewe na mlio unakuja ambao sikuujua. Nilipiga magoti kwenye ukingo wa mkeka.

Mama Chimène aliniwekea kiganja begani. Hakikuwa kizito wala hakikuwa cha upole. Kilinizuia tu.

"Weye usilie, mama," alisema. "Ngoja. Sisi hatujaanza."

Niliuma ile karatasi kwa meno nikanyamaza. Yeye akafungua kitambaa kichwani, akageukia picha, akamwita binti yake kwa jina.